John Williamson (mwanajiolojia)

John Thoburn Williamson (10 Februari 1907 – Januari 1958) alikuwa mwanajiolojia kutoka Kanada aliyegundua mwamba wenye almasi wa Mwadui, karibu na Maganzo, katika mkoa wa Shinyanga nchini Tanzania (wakati huo Tanganyika). Mgodi aliouanzisha bado unaitwa kwa jina lake, yaani Mgodi wa Almasi wa Williamson, ingawa watu wengi huuita Mwadui tu.

Williamson alikuwa miongoni mwa watu matajiri na mashuhuri zaidi wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1940 na 1950. Magazeti ya Ulaya na Amerika yalimwita mfalme wa almasi. Anakumbukwa kwa mambo matatu: kugundua mwamba mkubwa wa almasi kwa juhudi zake mwenyewe, kuumiliki bila kuwa chini ya kampuni kubwa ya De Beers hadi alipofariki, na kumzawadia binti mfalme Elizabeth wa Uingereza almasi ya rangi ya waridi mwaka 1947.

## Maisha ya awali na elimu

Williamson alizaliwa Montfort, katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Alisoma katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal. Mwanzoni alikusudia kusomea sheria, lakini wakati wa likizo alikwenda Labrador, eneo la kaskazini mashariki mwa Kanada, pamoja na msafara wa kuchunguza miamba. Kazi hiyo ya porini ilimvutia kuliko vitabu vya sheria, akabadili masomo na kuchukua jiolojia.

Alipata shahada ya kwanza mwaka 1928, shahada ya uzamili mwaka 1930 na shahada ya uzamivu mwaka 1933, zote McGill. Kwa hiyo watu wa Tanganyika walimjua kama Dokta Williamson.

## Kuja Afrika

Alimaliza masomo wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi duniani, ambapo kazi zilikuwa haba Kanada. Alisafiri kwenda kusini mwa Afrika, akaajiriwa na kampuni ya utafutaji madini katika Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia). Huko alijifunza namna ya kutafuta madini katika nchi ya tambarare yenye nyasi na udongo mzito, ambako mwamba hauonekani kwa macho.

Katikati ya miaka ya 1930 alihamia Tanganyika, kufanya kazi katika mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki, kusini mwa Mwanza. Almasi zilikuwa zimejulikana katika nchi ya Wasukuma kabla ya kuja kwake, na pale Mabuki palikuwa na mwamba wa aina inayobeba almasi. Lakini mawe yaliyopatikana yalikuwa machache, na wenye kampuni walikata tamaa. Walipojitoa mwaka 1938, Williamson aliamua kubaki. Alichukua machimbo hayo na vifaa vyake, akaendelea kwa gharama yake.

## Miaka ya kutafuta

Kati ya mwaka 1938 na 1940 Williamson aliishi maisha ya mtafutaji maskini. Aliuza almasi chache alizopata Mabuki na kwingineko ili kulipa wafanyakazi na kununua mafuta ya gari. Aliugua malaria mara kwa mara, na madeni yaliongezeka.

Kilichomtofautisha na watafutaji wengine ni mbinu. Watafutaji wengi walifuata mito na mabonde, ambako almasi husombwa na maji na kutawanyika. Williamson aliamini kwamba mawe yaliyotawanyika Shinyanga lazima yawe na chanzo chao, yaani mwamba mmoja mkubwa uliofunikwa na udongo. Aliwatuma wasaidizi wake, wengi wao Wasukuma, kuchimba mashimo ya sampuli kwa mistari, kuosha changarawe na kutafuta madini mengine yanayoandamana na almasi. Madini hayo, kama garneti na ilmenaiti, si ya thamani, lakini hupatikana kwa wingi zaidi kuliko almasi. Yakizidi kuongezeka, mtafutaji anajua kwamba anakaribia chanzo.

Kazi hiyo ilitegemea macho na mikono ya watu wengi. Majina ya wafanyakazi hao Waafrika hayakupewa nafasi katika habari zilizoandikwa baadaye, ambazo zilimsifu mtu mmoja tu.

## Ugunduzi wa Mwadui

Mnamo Machi 1940 Williamson na watu wake walipata almasi mahali panapoitwa Mwadui, karibu na reli na barabara ziunganishazo Shinyanga na Mwanza. Kuna simulizi nyingi kuhusu siku hiyo. Moja inasema jiwe la kwanza lilionekana chini ya mbuyu. Nyingine inasema gari lilikwama kwenye matope, na almasi ikaonekana pale tairi lilipochimba. Simulizi hizi bado zinapendwa na wakazi wa Maganzo na vijiji vya jirani. Hata hivyo, uchunguzi wa mashimo na changarawe ndio uliokuwa umewaleta mahali hapo.

Almasi huundwa chini sana ardhini, kwenye joto na mgandamizo mkubwa. Huletwa juu na milipuko ya volkeno ya aina ya pekee, ambayo huacha mwamba uitwao kimberlaiti, jina lililotokana na mji wa Kimberley nchini Afrika Kusini. Mwamba huo huwa na umbo la bomba au faneli inayoshuka ardhini. Katika mahali pengi sehemu ya juu ya faneli imemomonyoka na kupotea. Pale Mwadui sehemu pana ya juu ilibaki.

Ndiyo sababu Mwadui ni kubwa mno. Eneo lake la juu ni takriban hekta 146, na linahesabiwa kuwa mwamba mkubwa kuliko yote ya kimberlaiti iliyowahi kuchimbwa kwa faida duniani. Lakini ukubwa huo una upande wa pili: almasi zimetawanyika katika udongo mwingi, kwa hiyo ni lazima kuchimba na kuosha tani nyingi ili kupata karati chache. Mgodi wa namna hiyo unahitaji mashine, maji na fedha, na Williamson wakati huo hakuwa navyo.

## Kuanzishwa kwa kampuni

Msaada ulitoka Mwanza. Iqbal Chand Chopra, wakili mwenye asili ya Uhindi, alimsaidia Williamson kwa fedha na kwa mambo ya sheria. Alishughulikia leseni na haki za kuchimba, naye akapata hisa katika biashara hiyo. Chopra baadaye alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika na mmoja wa watu mashuhuri katika jumuiya ya Wahindi nchini. Kampuni ya Williamson Diamonds Limited iliandikishwa mwaka 1942.

Mwanzo wa kampuni uliangukia katikati ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mashine mpya hazikupatikana kwa urahisi, kwa hiyo Williamson na mafundi wake walitengeneza vifaa kwa vyuma vilivyotumika. Kwa upande mwingine vita viliongeza haja ya almasi. Almasi ndiyo kitu kigumu kuliko vyote, na viwanda vya ndege na silaha viliitumia kukata na kusaga vyuma.

Vita vilipokwisha, mgodi ulikuwa tayari unatoa mawe kwa wingi, na sehemu kubwa yake ilikuwa ya ubora wa vito. Faida iliwekwa tena mgodini: mashine za kuchimbia, kiwanda cha kuosha na kuchagua mawe, mitambo ya umeme na mabwawa ya maji.

## Mvutano na De Beers

Wakati huo biashara ya almasi duniani ilishikwa na kampuni ya De Beers ya Afrika Kusini, chini ya familia ya Oppenheimer. De Beers ilimiliki migodi mingi, na ile ambayo haikuimiliki iliuza mawe yake kupitia soko lake la London. Soko hilo liliamua ni almasi kiasi gani ziuzwe kila mwaka, ili bei isishuke. Mtu mwenye mgodi mkubwa nje ya mpango huo angeweza kuharibu bei kwa kuuza apendavyo.

Williamson alikuwa mtu huyo. Alikataa kuuza mgodi wake. Baada ya vita alikubali kuuza almasi kupitia soko la London kwa mkataba, lakini hakuridhika na fungu alilopewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliacha kuuza kwa muda na kuhifadhi almasi zake Mwadui hadi mapatano mapya yalipofikiwa. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilifuatilia mvutano huo kwa wasiwasi, maana kodi ya almasi ilikuwa sehemu muhimu ya mapato yake.

Kwa mtu mmoja, bila kampuni mama wala benki kubwa nyuma yake, kushindana hivyo na De Beers lilikuwa jambo la nadra.

## Almasi ya waridi

Oktoba 1947 ilipatikana Mwadui almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Almasi za rangi hiyo ni adimu sana, na kubwa namna hiyo ni adimu zaidi. Mwezi uliofuata, tarehe 20 Novemba 1947, binti mfalme Elizabeth aliolewa na Philip mjini London, na Williamson alimpa jiwe hilo kama zawadi ya harusi.

Jiwe lilikatwa na kung'arishwa London na kampuni ya Briefel na Lemer. Mnamo Machi 1948 Elizabeth mwenyewe, pamoja na bibi yake Malkia Mary, alitembelea karakana hiyo kuona kazi ikiendelea. Baada ya kukatwa jiwe lilibaki na karati 23.6. Mwaka 1953, mwaka wa kutawazwa kwa Elizabeth kuwa malkia, kampuni ya vito ya Cartier ililiweka katikati ya bruchi yenye umbo la ua, likizungukwa na almasi nyingine ndogo nyeupe. Malkia aliivaa bruchi hiyo mara nyingi katika sherehe kubwa, pamoja na harusi ya mwanawe Charles mwaka 1981.

Zawadi hiyo ilimfanya Williamson ajulikane dunia nzima. Jina la Mwadui, ambalo hapo awali lilijulikana kwa wachungaji na wakulima wa pamba wa Usukuma, lilianza kutajwa katika magazeti ya London na New York.

## Almasi na ulimwengu wa mastaa

Umaarufu wa Williamson ulikwenda sambamba na mabadiliko katika biashara ya vito. Kabla ya vita almasi kubwa zilikuwa za wafalme na matajiri wa zamani. Tangu mwaka 1938 De Beers ilitumia kampuni ya matangazo ya N. W. Ayer ili kuwashawishi Wamarekani wa kawaida wanunue pete za uchumba zenye almasi. Mwaka 1947, mwaka uleule wa almasi ya waridi, mwandishi wa matangazo Frances Gerety alibuni maneno mafupi yaliyosema kwamba almasi ni ya milele.

Watangazaji hao waliwatumia wacheza filamu na watu maarufu. Mahali pa kuwaonyesha palikuwa klabu za usiku. Mjini New York kulikuwa na Stork Club ya Sherman Billingsley, El Morocco na Copacabana. Hollywood kulikuwa na Ciro's. Katika kumbi hizo waigizaji, wanasiasa, wacheza ndondi na warithi wa mali waliketi mezani huku wapiga picha wakiwasubiri. Asubuhi iliyofuata picha zilitokea magazetini, na wasomaji waliona nguo, mikufu na pete. Filamu ya mwaka 1953 ambayo Marilyn Monroe aliimba kuhusu almasi ilitokana na ulimwengu huo.

Almasi za Mwadui ziliingia katika mkondo huo kupitia London, kisha kwa wakataji wa Antwerp, Amsterdam na New York. Jiwe likishakatwa halibaki na alama ya mahali lilipotoka. Mwanamke aliyevaa pete katika Stork Club hakuwa na njia ya kujua kama ilitoka Kimberley, Kongo au Shinyanga. Wala mfanyakazi aliyeosha changarawe Mwadui hakuwa na njia ya kujua jiwe lake liliishia kwenye kidole cha nani. Almasi ya waridi ilikuwa tofauti kwa sababu jina la mgodi lilibaki nayo.

Williamson mwenyewe hakupenda maisha ya kumbi hizo. Angeweza kuishi London au New York kwa fedha zake, lakini alikaa Mwadui karibu wakati wote, na wageni walilazimika kumfuata huko.

## Mji wa Mwadui

Williamson alijenga mji kamili kuzunguka mgodi. Ulikuwa na nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, maduka, umeme, maji ya bomba na uwanja wa ndege. Kampuni ilikuwa na ndege zake. Kulikuwa na viwanja vya michezo na klabu za starehe, na hata klabu ya mashua kwenye bwawa, katika nchi kame ambako wakulima walisubiri mvua kwa miezi mingi. Kwa Watanganyika wengi taa za Mwadui usiku zilikuwa kitu cha ajabu, kwa kuwa vijiji jirani havikuwa na umeme.

Kilele cha fahari hiyo kilikuwa Oktoba 1956, wakati Margaret, mdogo wake malkia, alipotembelea Mwadui katika ziara yake ya Afrika Mashariki na kupokewa na Williamson.

Mji huo ulikuwa na mipaka mikali. Ulizungushiwa uzio na kulindwa na askari wa kampuni. Watu waliotoka sehemu za kazi walipekuliwa, na mtu wa nje hakuingia bila kibali. Sheria za Tanganyika zilikataza mtu kumiliki almasi ghafi bila leseni, kwa hiyo mwanakijiji aliyeokota jiwe shambani kwake angeweza kushtakiwa.

Tena, Tanganyika ya kikoloni iligawa shule, hospitali, makazi na klabu kwa rangi: Wazungu, Wahindi na Waafrika kila mmoja mahali pake. Mwadui haikuwa nje ya mfumo huo. Kwa upande mwingine, Waafrika wengi walipata huko kazi ya mshahara, matibabu na ufundi wa mashine ambao haukupatikana kwa urahisi kwingine katika Jimbo la Ziwa. Vijana walikuja kutoka sehemu nyingi za Tanganyika, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi katikati ya nchi ya Kisukuma.

## Tabia na maisha binafsi

Williamson hakuoa wala hakuacha mtoto. Waliomfahamu walimweleza kama mtu mwenye haya, mkarimu kwa aliowaamini na mwenye mashaka kwa wengine. Alifanya kazi kwa saa nyingi na alitaka kuamua mambo madogo na makubwa ya mgodi yeye mwenyewe. Alivaa kwa urahisi na hakupenda hotuba wala kupigwa picha. Katika miaka ya mwisho alijitenga zaidi, na unywaji wake wa pombe ulijulikana kwa wafanyakazi na wageni.

Hali hiyo ilikuwa na madhara kwa kampuni. Kwa kuwa mambo mengi yalimtegemea mtu mmoja, hakukuwa na uongozi ulioandaliwa kumrithi.

## Kifo

Williamson aliugua saratani ya koo. Alifariki Januari 1958 akiwa na umri wa miaka 50, na alizikwa Mwadui.

Hisa zake zilikwenda kwa ndugu zake, miongoni mwao kaka yake Percy Williamson, aliyekuwa akifanya kazi mgodini. Warithi hawakuendeleza mvutano na De Beers. Harry Oppenheimer, aliyekuwa ameshika uongozi wa De Beers baada ya kifo cha baba yake Ernest mwaka 1957, alifanya mazungumzo nao. Tarehe 13 Agosti 1958 mgodi uliuzwa kwa De Beers na serikali ya kikoloni ya Tanganyika kwa ubia wa nusu kwa nusu, kwa bei ya takriban pauni milioni 4 za Uingereza. Hivyo jambo ambalo Williamson alilikataa kwa karibu miaka 18 lilitimia ndani ya miezi michache baada ya kifo chake.

## Mgodi baada ya Williamson

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, nusu ya mgodi iliyokuwa ya serikali ya kikoloni ikawa mali ya taifa jipya. Almasi za Mwadui zilikuwa miongoni mwa bidhaa muhimu za kuuza nje, pamoja na katani, pamba na kahawa. Uzalishaji ulifikia kilele katikati ya miaka ya 1960, ukikaribia karati milioni moja kwa mwaka.

Katika miaka ya 1970, wakati wa siasa ya Ujamaa, serikali ilichukua sehemu kubwa zaidi ya umiliki. Uzalishaji ulishuka kadiri tabaka la juu lenye almasi nyingi lilivyokwisha na mashine zilivyochakaa. Mwaka 1994 De Beers ilirudi ikiwa na asilimia 75 ya hisa, na serikali ikabaki na asilimia 25. Mwishoni mwa miaka ya 2000 De Beers iliuza sehemu yake kwa kampuni ya Petra Diamonds.

Mawe ya waridi yameendelea kupatikana mara chache. Mwezi Oktoba 2022 almasi ya waridi ya karati 11.15 iliyotoka Mwadui iliuzwa katika mnada wa Sotheby's mjini Hong Kong kwa takriban dola milioni 57.7 za Marekani. Ilipewa jina la Williamson Pink Star, kwa kukumbuka pia jiwe la mwaka 1947.

Mwezi uliofuata, tarehe 7 Novemba 2022, ukingo wa bwawa la kuhifadhia matope ya mgodi ulibomoka. Matope yalifunika mashamba, malisho na nyumba katika vijiji vya jirani katika wilaya ya Kishapu.

## Maganzo na uzio

Maganzo ni mji mdogo ulio nje ya eneo la mgodi, kwenye barabara kuu ya Shinyanga–Mwanza. Ulikua kwa sababu ya Mwadui: wafanyakazi waliostaafu, wafanyabiashara, wachimbaji wadogo na wanunuzi wa almasi walikaa hapo. Leo ni kata ya wilaya ya Kishapu.

Suala la uzio lililoanza wakati wa Williamson halijakwisha. Watu wanaoingia eneo la mgodi bila ruhusa kutafuta almasi katika mchanga huitwa wabeshi. Wengi ni vijana wa vijiji vya jirani wasio na kazi nyingine ya kuwapatia fedha. Kwa miaka mingi kumekuwa na mapambano kati yao na walinzi, na watu wamejeruhiwa na kuuawa. Mwaka 2021 Petra Diamonds ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza madai yaliyofunguliwa Uingereza na wananchi wa eneo hilo kuhusu vitendo vya walinzi, bila kukiri kuwajibika kisheria. Sehemu ya fedha hizo ilitengwa kwa miradi ya jamii.

## Kumbukumbu

Kitabu cha Heinz Heidgen kuhusu maisha ya Williamson kilitolewa miaka ya 1950, muda mfupi baada ya kifo chake. Nchini Kanada jina lake limewekwa miongoni mwa watu mashuhuri wa historia ya uchimbaji madini. Nchini Tanzania jina la Mwadui limeendelea kujulikana pia kwa sababu ya soka, kwani timu ya Mwadui FC ilicheza Ligi Kuu kuanzia mwaka 2015 hadi 2021.

Maoni juu ya Williamson yanatofautiana. Wengine humwona kama mtafiti shupavu aliyeamini elimu yake wakati kampuni zilipokata tamaa, na aliyeweka faida nyingi ndani ya Tanganyika, tofauti na wamiliki walioishi ng'ambo. Wengine hukumbusha kwamba utajiri huo ulitoka katika ardhi ya Wasukuma chini ya sheria za kikoloni, na kwamba wakazi hawakuulizwa wala hawakuwa na hisa. Bruchi yenye almasi ya waridi imo katika hazina ya vito vya familia ya kifalme ya Uingereza. Kaburi la Williamson liko Mwadui, ndani ya eneo la mgodi.